Utepe mweusi: kisa cha radi uwanjani

Utepe mweusi niliufunga mimi mwenyewe, kwenye kifundo cha mkono wa kijana wa mwaka wa tatu aliyelala chali chini ya mkaratusi, mvua ikimpiga usoni na macho hayapepesi. Kwa mafunzo tuliyokuwa nayo, utepe huo una maana moja tu: huyu ameshatutoka, nendeni kwa wengine. Muda mfupi baadaye aliufungua msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa na wiki tano tu kikosini. Kijana yule yu hai, na kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Chuo chenyewe sitakitaja. Inatosha kujua kwamba kiko Magharibi mwa Kenya, si mbali na msitu wa Kakamega.

Kikosi chetu cha huduma ya kwanza kilikuwa na wanafunzi 23 wa kujitolea. Wengine walisomea uuguzi, wengine ualimu, mmoja uhandisi wa ujenzi. Kazi za kila wiki zilikuwa zile zile: komredi amezimia kwa njaa wiki ya mitihani, mwenye pumu amebanwa usiku hosteli, aliyeungua kwa koili akipika chai chumbani, aliyeangushwa na bodaboda langoni. Mali yetu yote ilikuwa mabegi mawili ya dawa na bendeji, machela moja, na mfuko mmoja wa kupumulisha, ule wa mpira unaobanwa kwa mkono huku barakoa imeshikwa usoni mwa mgonjwa. Mfuko huo tuliununua kwa michango yetu. Mashine ya kushtua moyo hatukuwa nayo.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo tulikuwa tumefundishwa kupanga majeruhi pale wanapokuwa wengi kuliko mikono. Mfumo tuliofundishwa ni ule uliobuniwa California mwaka 1983, na ni mzuri kwa sababu hata asiye daktari anaweza kuufuata akiwa anatetemeka. Unaanza kwa kupaza sauti: anayeweza kutembea aje huku. Hao wanapata kijani. Waliobaki chini unawaendea mmoja mmoja, unatazama pumzi, mzunguko wa damu na kama mtu anafuata amri, kisha unafunga utepe wa manjano kwa anayeweza kungoja kidogo, au mwekundu kwa asiyeweza kungoja. Asiyepumua unamfungulia njia ya hewa kwa kuinua kidevu. Akivuta pumzi ni mwekundu. Asipovuta, ni mweusi, na unaondoka. Kwenye mweusi hupimi mapigo ya moyo. Shikeni jambo hilo, kwa maana ndilo lililotuponza.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, fainali ya vitivo. Mtu wa pande zetu hahitaji redio kujua saa ya mvua: adhuhuri mawingu yanajikusanya juu ya mwinuko wa Nandi, saa tisa au kumi yanashuka kuelekea magharibi. Yale ya ziwani hufanya kazi yake usiku, wavuvi wa Kisumu na Homa Bay wanayajua. Bonde hili la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na sisi tuliokulia humu tumelizoea jambo hilo hadi tumelidharau. Kwetu nyumbani tulipokuwa wadogo, ngurumo ikianza nyanya alifunika kioo kwa kanga na kutuketisha chini tukiwa kimya. Hakuna aliyetufundisha kuhesabu sekunde kati ya mmuliko na ngurumo.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza ngurumo ya kwanza iliposikika. Refa alitazama juu, makocha wakatazama juu, mpira ukaendelea. Nasi tuliokaa kwenye hema letu na fulana zetu za kung'aa tulitazama juu, halafu tukatazama mpira. Manyunyu yalipoanza, mashabiki wanane walikimbilia chini ya mkaratusi mrefu kuliko yote kando ya uwanja. Niliwaona. Nilifikiri: angalau hawatalowa.

Mlio siukumbuki. Nakumbuka weupe, kisha gome la mkaratusi limetapakaa nyasini kama maganda ya miwa, kisha watu wamelala.

Tulikimbia wote watano wa zamu. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, nikafanya nilichofundishwa: nikasimama na kupaza sauti kwamba anayeweza kutembea aje kwangu. Wawili walikuja, wanalia kwa nguvu, mmoja ameshika masikio. Sita hawakuinuka. Watatu kati yao walikuwa wameketi wakitutazama kama watu wasiosikia, na kweli walikuwa hawasikii. Wawili walikuwa wamelala wakilalamika kwamba hawana miguu. Wa mwisho, aliyekuwa ameegemea shina, hakuwa na sauti wala mwendo.

Watu walianza kujaa, na mzee mmoja muuza njugu akanyoosha mikono kuwazuia: "Msimguse! Radi bado imo ndani yake!" Hakuwa na nia mbaya. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na najua nyumba ambazo mtu aliachwa akilala nje hadi mvua iishe kwa sababu hiyo. Lakini mwili wa mtu hauhifadhi umeme wa radi. Unapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ukishapita umepita. Aliyepigwa anagusika saa ile ile kama mtu mwingine yeyote.

Mwenzangu wa uuguzi, mwaka wa nne, alimwendea msichana aliyelalamikia miguu. Aliikuta ya baridi, imebadilika rangi kuwa ya samawati yenye mabaka, na alipogusa juu ya unyayo hakupata mapigo. Akafunga mwekundu. Wa pili hali ilikuwa ile ile, mwekundu. Mikono yote ikaenda huko. Mimi nilipiga magoti kwa yule wa shinani, nikainua kidevu, nikaweka shavu langu karibu na pua yake, nikatazama kifua kwa sekunde kumi. Hakuna. Nikatoa utepe mweusi mfukoni na kuufunga, nikainuka. Nataka msomaji ajue kwamba sikusitasita. Nilijisikia mtu aliyefanya jambo gumu kwa usahihi.

Yule wa mwaka wa kwanza nilikuwa nimemtuma machela. Aliporudi nayo alipita karibu na kijana, akasimama, akapiga magoti na kuweka vidole viwili shingoni kando ya koromeo.

"Kaka, shingo inapiga."

Nilimwambia alete machela kwa wenye utepe mwekundu. Nilimwambia kwa ukali.

"Inapiga, kaka. Njoo ushike mwenyewe."

Nilikwenda, nikashika. Ilikuwa inapiga, polepole, lakini bila kukosea. Kifua kimetulia kama cha maiti na moyo unafanya kazi ndani yake. Katika mafunzo yetu yote sikuwahi kuambiwa kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika mtu mmoja kwa dakika kadhaa. Yeye alikuwa tayari anaufungua utepe kwa meno, kwa sababu fundo lilikuwa limelowa.

Mengine yalikwenda haraka. Mtu mmoja alishika barakoa kwa mikono miwili na kuvuta taya juu, mwingine akabana mfuko: pumzi moja kila sekunde sita, ya kiasi cha kuinua kifua tu. Yule wa uhandisi alihesabu kwa sauti akitazama simu yake, na bila yeye tungeharibu, kwani mikono yenye hofu hubana upesi upesi, hewa ikajaa tumboni, mgonjwa akatapika. Mvua ilikuwa imekuwa kubwa na umeme bado unamulika, kwa hiyo dereva wa basi la timu alilisogeza hadi kwenye mstari wa pembeni, tukampandisha kijana kwa machela, tukibana mfuko kila tulipohesabu sita, hata mlangoni. Ndani ya gari la bati madirisha yakiwa yamefungwa palikuwa salama kuliko mahali popote pale uwanjani, kwa sababu radi ikilipiga basi hupita kwenye bodi na kushuka ardhini.

Dakika ya tisa kwa simu ya mhandisi, kijana alitweta mara moja kama mwenye kwikwi. Mmoja wetu akapiga kelele za furaha na kuondoa barakoa, na hapo nashukuru kwamba mwenzangu wa mwaka wa nne alimrudisha mkono. Kwikwi moja moja zenye nafasi ndefu si kupumua. Hata mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuzitoa. Tuliendelea kumsaidia hadi pumzi zikaja zenyewe kwa mpangilio, tukamlaza ubavu, na basi likaondoka kuelekea hospitali ya rufaa, simu ikiwa sikioni kwa mhudumu wa zamu huko ili watusubiri mlangoni. Tulikuwa tumepiga simu kuomba ambulensi, lakini ilikuwa safarini na mgonjwa mwingine.

Alilazwa siku nne. Kiwambo cha sikio la kushoto kilikuwa kimetoboka. Mgongoni alikuwa na michoro myekundu kama majani ya kangaga, ambayo ilifutika yenyewe kabla hajatoka. Siku nzima ya Jumamosi imefutika pia kichwani mwake na haijarudi. Msichana wa miguu ya baridi alikuwa anatembea wodini jioni ile ile, na mwenzake kabla ya usiku wa manane. Hakufa mtu.

Sasa niseme nilichojifunza baadaye, maana siku ile nilikuwa sikijui.

Radi inapomkumba mtu husimamisha vitu viwili kwa pamoja: moyo, na kile kituo cha ubongo kinachoamuru kupumua. Moyo una kianzio chake wenyewe, kwa hiyo mara nyingi huanza tena bila msaada wa mtu. Kituo cha kupumua hukawia zaidi. Katikati ya hayo mawili kuna dakika ambazo damu inazunguka bila hewa mpya ndani yake, na kama hakuna anayempulizia, moyo ule ule uliojiwasha unasimama mara ya pili kwa kukosa oksijeni. Mara hiyo ya pili ndiyo mbaya. Kijana wetu nilimkuta katikati ya dakika hizo. Mwili wake ulikuwa umeshajifanyia nusu ya kazi na ulikuwa unangoja mtu afanye nusu iliyobaki, na mtu huyo, ambaye ni mimi, alimfunga utepe akaondoka.

Ndiyo maana kwa radi kanuni inageuzwa: wanaoonekana wamekufa ndio wanaohudumiwa kwanza. Jambo hili halikugunduliwa juzi. Dkt. Mary Ann Cooper wa Marekani, ambaye amefanya kazi miaka mingi juu ya majeraha ya radi, amelisisitiza, na ni miongoni mwa walioanzisha mtandao wa Kiafrika wa masuala ya radi wa ACLENet wenye makao Kampala, kwa majirani zetu hapa. Uganda wana sababu ya kulijali: mwaka 2011 radi iliua watoto 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Sisi tunaishi chini ya mawingu ya namna hiyo hiyo.

Na kwa nini inawezekana kuwaacha kwa muda wanaolia? Kwa sababu aliyepigwa na radi na bado anapumua, kwa kawaida hafi ndani ya saa hiyo. Kati ya watu kumi wanaopigwa, takriban tisa wanaishi, ingawa wengi wanabaki na madhara, na wanaokufa papo hapo hufa kwa moyo kusimama. Hilo halifanani kabisa na ajali ya matatu kwenye barabara ya Webuye. Huko asiyepumua mara nyingi amepoteza damu au ameumia ndani kiasi ambacho pumzi za mdomo hazitamrudisha, na wakati unamhangaikia, mwingine anayevuja damu anakwisha kando yako. Utepe mweusi huko una maana, na siwaambii watu wautupe. Nasema tulifundishwa kanuni bila sababu yake, na mtu asiyejua sababu hawezi kujua ni siku gani kanuni haimhusu.

Nilipokaa chini na kuupitia mfumo hatua kwa hatua niliona umetupotosha mwanzo na mwisho. Hatua ya kwanza inategemea masikio na miguu, na radi inashambulia hivyo hivyo viwili. Niliwaita watu wenye viwambo vilivyotoboka nikashangaa hawaitikii. Niliwataka watembee watu waliopoozwa miguu kwa saa chache na mshtuko wa mishipa. Kupooza huko huifanya miguu iwe ya baridi, ya samawati, bila mapigo ya kupapasika, halafu hupita chenyewe. Ndiyo maana mwenzangu aliona mapigo yamekosekana mguuni akadhani mzunguko wa damu umekwisha, kumbe angepima shingoni angeyapata mazima. Wekundu wetu wawili walistahili manjano. Mweusi wetu alistahili mikono yote mitano.

Watu wameniuliza: je, asingekuwa na mapigo shingoni? Hapo pia tusingemwacha. Tungeshindilia kifua katikati, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mashindilio 30 pumzi mbili, tukibadilishana kila dakika mbili kabla mikono haijachoka. Wengi hufikiri kushindilia peke yake kunatosha. Kwa radi hewa ni nusu ya tiba, na kikosi kisicho na mfuko au hata barakoa ndogo ya mfukoni kiombe hicho kwanza kabla ya fulana mpya.

Kosa langu la utepe lilikuwa la dakika tatu, kwa hesabu tuliyoipata kwenye simu. Kosa la kabla yake lilikuwa la nusu saa nzima, na lilikuwa letu sote. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona mmuliko, anza kuhesabu. Ngurumo ikikufikia kabla ya thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi nawe na inaweza kupiga ulipo. Mchezo unasimama, watu wanaingia jengo la kudumu au gari lililofungwa, na hawatoki hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hema letu la turubai lenye vyuma si mahali pa kukimbilia, wala mti, na mti mrefu uliosimama peke yake ndio mbaya zaidi. Wale wanane wengi wao hawakuguswa na radi yenyewe: ilipiga mti, ikaruka kwa aliyeegemea, na iliyobaki ikatambaa ardhini ikipanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ng'ombe hufa wengi kwa njia hiyo, kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mwenyekiti wa michezo nikiwa na karatasi moja, na refa wa kila mechi sasa anakubali filimbi ya kikosi kuhusu ngurumo kabla mpira haujaanza. Ilichukua vikao vitatu. Mechi ya kwanza tuliyoisimamisha, mashabiki walituzomea, na radi haikupiga. Tukaisimamisha ya pili.

Lililokuwa gumu zaidi ni kikao chetu wenyewe, Jumapili jioni, chumba cha mihadhara, viti vimepangwa duara. Mwenzangu wa mwaka wa nne hakusema neno. Baadaye aliacha kikosi, na simlaumu. Alifunga nyekundu mbili zisizo sahihi kwa moyo safi. Mimi nilimwomba radhi dada yule wa mwaka wa kwanza mbele ya wote kwa kumkaripia. Tulimwuliza alijuaje. Alisema hakujua chochote kuhusu radi. Bibi mkunga wa kijijini kwao, Gusii, alimzoesha kwamba mtoto akizaliwa kimya usimwite maiti kabla hujamshika. Basi alimshika.

Sasa ndiye anayefundisha somo la radi kwa wanaoingia. Hatumii picha. Humlaza mmoja wao chini, humwambia azuie pumzi, na kila mmoja anaweka vidole shingoni kwake hadi asikie inapiga.

Kijana alirudi chuoni baada ya kuahirisha semesta. Anasema umakini unamtoka akisoma zaidi ya saa moja, na usingizi wake si ule wa zamani. Alikuja hemani kwetu siku moja ya mazoezi na kuniomba nimsimulie dakika ambazo hazikumbuki. Nilimsimulia zote, na utepe nikamsimulia. Alinyamaza kwa muda, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele yake na kuitazama.

"Ulikuwa mkono gani?"

"Wa kulia," nilimwambia.